Barneys ya New York: nani hasa aliliua duka hili?

#1 Kodi_ya_Fremu
Wakuu, habari za jioni.

Kila ikitajwa Barneys ya New York, watu wanaimba wimbo uleule: intaneti ndiyo iliyoiua. Mimi nasema iliuawa na mwenye nyumba.

Kwa wasiolijua: lilikuwa duka la mavazi ya wenye nazo, Madison Avenue, Manhattan. Suti, viatu, mikoba, manukato, ghorofa juu ya ghorofa. Mwaka 2019 kodi ya jengo hilo moja ilikuwa imepandishwa kutoka kama dola milioni 16 kwa mwaka hadi karibu milioni 30. Agosti mwaka huohuo wakakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Februari 2020 wakafunga milango. Unauza mikoba mingapi kwa mwaka ili ulipie ukuta tu, kabla hujamlipa hata mlinzi?

Waliosoma zaidi yangu waje.

#2 mchele_sukari
Ukuta wa milioni 30! Nimevuta kigoda, endeleeni.

#3 Mzee wa Suti
Kijana namba 1, umeanza hadithi mkiani. Duka hilo halikuzaliwa la matajiri.

Barney Pressman alilifungua mwaka 1923. Mtaji alipata kwa kuweka rehani pete ya uchumba ya mkewe, Bertha, akapewa dola 500. Akachukua fremu ndogo Seventh Avenue, kona ya 17th Street, akaingiza suti 40. Eneo hilo wakati ule halikuwa la kujivunia hata kidogo, maduka ya maana yalikuwa kwingine. Mali yake aliitoa kwenye minada, kwa wenzake waliofilisika, na kwenye mabaki ya viwanda: suti nzuri, lebo yake ipo, ila bei iko chini ya ile ya maduka ya kistaarabu. Kauli mbiu yake ilisema hakuna porojo, hakuna takataka, hakuna feki.

Na alijua kutangaza! Alinunua muda redioni mapema, wenzake wakiona ni ushamba. Alisimamisha wanawake barabarani wamevaa mapipa, wanagawa viberiti vyenye jina la duka. Ukinunua suti, fundi anakurekebishia bure. Una gari? Kuegesha bure. Alifariki 1991 akiwa na miaka 96, ameshaona wajukuu wanachofanya. Yule ndiye alikuwa mfanyabiashara. Waliokuja nyuma yake walikuwa wapambaji.

#4 Binti Makorora
Mzee shikamoo. Naomba kuuliza, Bertha alirudishiwa pete yake?

#5 Mzee wa Suti
Marahaba. Nimekuletea karne nzima ya biashara, wewe umeona pete tu.

#6 Binti Makorora
Mtaji ulikuwa wa nani? Wa Bertha. Jina mlangoni la nani? La Barney. Naendelea kusoma.

#7 Gikomba Finest
Wasee wa Bongo habari. Huyo Barney wa kwanza ni mtu wetu kabisa. Kununua mabaki ya wengine, kupanga vizuri na kuita watu kwa sauti, hiyo ni kazi tunafanya hapa soko la Gikomba, Nairobi, kila asubuhi.

Kuna wakati nilifungua bale ya makoti ya Marekani, ndani nikapata koti moja ya Barneys. Sufu safi, mshono wa ndani umefunikwa wote, vifungo vya pembe. Nikaiweka na zile za camera, zile za daraja la kwanza. Customer akaishika, akaivaa, ikamkaa kama ya kushonewa, halafu akasoma lebo akaniambia hiyo jina haijui, kama niko na Zara. Nikamwambia mama, Zara iko kule kwa rundo. Akaenda kwa rundo.

#8 mchele_sukari
😂😂 Namba 7 umeniua. Koti liko wapi sasa?

#9 Gikomba Finest
Nilivaa kwa ruracio ya shemeji, ile sherehe ya mahari. Hairudi sokoni.

#10 Hesabu Safi
Turudi kwenye mada. Mzee namba 3 amewaita waliofuata wapambaji, hapo kuna kitu amekiruka.

Mwana wa Barney, Fred Pressman, ndiye aliyelibadilisha duka, na hakuharibu. Hakupenda kuuza mali ya kupunguzwa bei. Kuanzia miaka ya 60 akageukia mali ya bei kamili, akawa anakwenda Ulaya mwenyewe kushika vitambaa. Mwaka 1976 ndiye aliyeingia mkataba na Giorgio Armani, wakati Wamarekani wengi hawajawahi kulisikia jina hilo. Suti laini isiyo na pedi mabegani, iliyobadilisha mavazi ya ofisini nchini kwao, ilipitia mlango wa Barneys.

Wajukuu, Gene na Robert, ndio nawashitaki mimi. Mwaka 1986 wakafungua duka la wanawake kwenye safu ya nyumba za zamani za karne ya 19 palepale 17th Street. Pendeza sana, ghali sana. Mwaka 1989 wakaungana na Isetan, duka kubwa la Tokyo. Kisha wakajenga Madison, Chicago, Beverly Hills. La Madison lilifunguliwa 1993, eneo lake futi za mraba kama 230,000. Januari 1996 wako mahakamani. Miaka mitatu! Kwa hiyo namba 1, duka hili lilishafilisika mara ya kwanza kabla intaneti haijaanza kuuza hata soksi, na kabla ya mwenye nyumba wako.

#11 Kodi_ya_Fremu
Hesabu Safi, nani alimiliki majengo hayo matatu? Jibu hilo kwanza.

#12 Mwanasheria wa Buza
Nijibu mimi. Isetan ndio waliotoa fedha ya ujenzi, zaidi ya dola milioni 600 kwa jumla, na majengo ya New York, Chicago na Beverly Hills yalikuwa chini yao. Barneys ikawa mpangaji inawalipa kodi. Kesi ya 1996 ilizungukia swali moja: zile fedha zilikuwa nini? Akina Pressman walidai Isetan ni mbia, kaweka mtaji, na mbia hula hasara pamoja na mwenzake. Isetan wakasema sisi ni wenye nyumba na wakopeshaji, lipeni.

Msilichukulie kijuujuu. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua wewe ni mwenye duka au mpangaji wa Mjapani.

Wakatoka mahakamani mwanzoni mwa 1999. Wakati huo usukani ulikuwa umeshikwa na mifuko ya uwekezaji iliyonunua madeni yao kwa bei ya chini, na familia ikabaki na kipande kisichofika asilimia mbili. Duka la asili la 17th Street lilikuwa limeshafungwa 1997. Fred alifariki 1996, mwaka uleule wa kesi.

#13 Kodi_ya_Fremu
Asante wakili. 1996 kodi, 2019 kodi. Sina la kuongeza.

#14 Hesabu Safi
Unalo la kuondoa. 1996 walijenga wakijua watalipa kodi. Ukimkaribisha tajiri akujengee kasri, kisha mauzo yasifike, utamlaumu tajiri? Na angalia wakati: mapovu ya uchumi wa Japani yalipasuka mwanzoni mwa miaka ya 90, mshirika wao naye akaanza kuzihesabu senti zake.

#15 Astoria255
Mimi niko Queens miaka mingi, nilifanya kazi za mitaa ya Manhattan, kwa hiyo naongelea nilichokiona.

Madison niliingia kama mtalii. Nguo ziliachiana nafasi kiasi kwamba nilidhani wanahama. Shati moja kwenye fito nzima. Wauzaji wamevaa kuliko wateja. Nilisogea hadi kwenye soksi, nikageuza bei, nikarudisha soksi taratibu kama mtu aliyeshika yai.

Ila vioo vya mbele! Kulikuwa na mpambaji Mwingereza, Simon Doonan, alianza 1986. Desemba maduka mengine yanaweka malaika na theluji, yeye anaweka midoli ya wanasiasa na watu mashuhuri imetengenezwa kwa vijiko, makopo na vifuniko vya chupa. Watu wanasimama na watoto kwenye baridi wanacheka. Hawaingii kununua, lakini jina wanaondoka nalo.

Na kila mwaka kulikuwa na uuzaji wa stoo kule Chelsea, mali ya msimu uliopita kwa bei iliyokatwa. Foleni inazunguka kona. Ndani vyumba vya kujaribia havitoshi, watu wazima wanavua suruali katikati ya njia. Nilimwona mama mtu mzima na binti wa rika la mjukuu wake wanavutana kiatu, mmoja kashika kisigino, mwingine ncha. Nilipata koti la mvua pale, bado ninalo.

#16 Mzee wa Suti
Haya! Astoria umelisema jambo langu bila kujua. Watu walipanga foleni wapi? Kwenye mali ya kupunguzwa. Kwa Barney yule wa 1923. Madison kwenyewe kimya, wauzaji wanatazamana.

#17 Binti Makorora
Mzee, lakini watu walipanga foleni ile kwa sababu lebo ni ya Madison. Bila Madison, ile stoo ni stoo ya nguo kuukuu tu, nani atavutana kiatu?

#18 mchele_sukari
Binti leo hajaja kucheza.

#19 Nyuzi na Vifungo
Mimi fundi, nimependa alichosema Hesabu kuhusu Armani. Suti ya zamani ndani ya kifua ina tabaka za turubai na manyoya ya farasi, inasimama yenyewe hata usipokuwa ndani yake. Huyu aliondoa sehemu kubwa ya hizo tabaka, bega likalegea, koti likaufuata mwili. Kushona koti la hivyo ni kazi ngumu kuliko la kusimama, maana hakuna pa kuficha kosa.

Ila hapo ndipo ninapoona kifo cha duka. Ukishamtambulisha mbunifu kwa wateja wako, anakuhitaji wa nini? Anafungua lake. Pita Madison uone, wabunifu waliokuzwa na Barneys wana maduka yao mtaa huohuo. Mteja anayetaka begi la fulani anakwenda kwa fulani.

#20 Gikomba Finest
Hiyo ni ukweli mtupu. Supplier akijua customer wako, umekwisha.

#21 Astoria255
Kuna upande mwingine haujaguswa. 2013 vijana weusi walinunua vitu halali pale Madison, wakalipa, wakatoka, askari wakawasimamisha nje kuwauliza fedha wametoa wapi. Mmoja ilikuwa mkanda wa kama dola 350. Ikawa kashfa mji mzima. Duka lilikana kuwa ndilo lililowaita askari. Agosti 2014 likakubaliana na Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York kulipa dola 525,000 na kubadilisha jinsi linavyolinda mali.

Wakati huohuo wa kashfa walikuwa na mkusanyiko maalumu wa Krismasi pamoja na Jay-Z. Watu wakamtaka ajitoe. Hakujitoa, alisema atashiriki kwenye kulirekebisha. Sisemi hilo ndilo lililoua duka, lakini wateja vijana wenye hela na wanaopenda nguo, wengi wao ni watu weusi, walilikumbuka.

#22 Kodi_ya_Fremu
Hilo sikulifahamu kwa undani hivi. Wamiliki wakati huo ni nani? Bado wale wa madeni?

#23 Deira Mombasani
Hapo nakuja mimi, niko Dubai.

Mpangilio wa wamiliki ni huu. Mifuko ile ya 1999 iliuza 2004 kwa Jones Apparel, kampuni ya nguo ya Marekani, kwa karibu dola milioni 400. Mwaka 2007 Jones wakauza kwa Istithmar ya huku kwetu. Kulikuwa na mnada mtamu: Istithmar walikuwa wamekubaliana milioni 825, wakatokea Fast Retailing wa Japani, wenye Uniqlo, wakapanda juu. Mwisho Istithmar wakachukua kwa milioni 942. Jones waliondoka na zaidi ya mara mbili ya fedha waliyoingia nayo, ndani ya miaka mitatu. Hao ndio waliofaidi duka hili kuliko watu wote kwenye uzi huu.

Istithmar ni mkono wa uwekezaji wa Dubai World. Mwaka 2008 dunia ikaanguka, Novemba 2009 Dubai World wakawaomba wadai wasubiri. Nani tena ana muda wa duka la suti New York?

#24 Chocho ya Livingstone
Subiri kwanza. Dubai World hawa ndio hawahawa wa DP World? Wa bandari yetu ya Dar??

#25 Deira Mombasani
Ndiyo, nyumba moja. DP World iko chini ya Dubai World.

#26 Chocho ya Livingstone
Aiseee. Kumbe kelele zote za 2023 za mkataba wa bandari tulikuwa tunaongea na waliowahi kumiliki duka la mikoba.

#27 Mwanasheria wa Buza
Msichanganye. Mwaka 2009 DP World iliwekwa nje ya ule mpango wa madeni, ilikuwa kampuni inayojiendesha na kulipa. Barneys ilikuwa tawi lingine kabisa la mti huo. Kufeli kwa duka hakukuambii lolote kuhusu gati.

#28 Chocho ya Livingstone
Wakili mimi sijasema gati. Mimi nimesema mikoba.

#29 Msimamizi wa Jukwaa
Uzi wa bandari upo, una kurasa za kutosha. Hapa ni nguo. Asanteni.

#30 Mwanasheria wa Buza
Namalizia mfuatano. Mwaka 2012 Barneys ilikuwa na deni la kama milioni 590. Likapunguzwa hadi milioni 50 bila kwenda mahakamani, kwa wadai kugeuza madai yao kuwa hisa. Mfuko wa Perry Capital ukawa mmiliki mkuu. Kwa hiyo wanaosema "madeni ya Dubai yaliwaua" waeleze hapa: mzigo ulitupwa 2012, mbona wamekufa 2019?

#31 Kodi_ya_Fremu
😎

#32 Hesabu Safi
Usivae miwani bado. Miaka saba bila mzigo, wakafanya nini? Mwaka 2016 wakarudi Seventh Avenue na 17th Street, kona ileile ya babu, wakafungua duka jipya la kifahari la kama futi 55,000. Mtu anayejua mkataba wa Madison unakaribia kupangwa upya anaongeza fremu nyingine mji uleule? Ugonjwa wa wajukuu ulibaki kwenye kuta hata wajukuu walipoondoka.

#33 Astoria255
Lile la 17th Street nililipenda, lina ngazi ya kuzunguka katikati kama konokono. Ila kweli, watu walikuwa wachache.

#34 Chocho ya Livingstone
Sasa niongee la maana maana mimi hayo nimeyaishi. Hapa Kariakoo unaingia fremu kwa kilemba, unamlipa anayetoka, halafu kodi ya mwaka kwa mkupuo. Mwenye fremu wangu wa zamani alisubiri nimeshaujulisha uchochoro kwa wateja, nimeweka vioo, taa, dari, akaja na kodi mara mbili. Hakunifukuza, alinipandishia tu. Nikahama nyumba ya tatu kutoka pale, wateja nusu wakapotea, maana mteja wa Kariakoo haulizi umehamia wapi, anaingia palipo wazi.

Ndiyo maana namba 1 namuelewa. Lakini nauliza, kodi ilipopanda, ni nani aliyeacha kulipwa kwanza? Kwetu ni yule aliyekupa mali kauli, yaani mali uiuze kwanza ndipo umlipe.

#35 Nyuzi na Vifungo
Umegusa penyewe. Wabunifu wadogo wanapeleka mali dukani, wanalipwa miezi kadhaa baadaye, wao wameshalipa kitambaa na mafundi. Fununu zikianza kuwa duka linayumba, wanasitisha kuleta. Rafu zikibaki wazi, mteja anajua kuna msiba. Duka la kifahari haliwezi kuonekana na njaa hata wiki moja. Na mahakamani mbunifu mdogo anasimama nyuma ya benki.

#36 Bando Limeisha
Nimesoma yote. Mnaikwepa intaneti kwa nguvu sana. Net-a-Porter, duka la nguo za kifahari la mtandaoni, lilianza 2000. Mtu anavaa Madison, anapiga picha lebo, anaagiza usiku kitandani kwa anayeuza nafuu. Kodi ya milioni 30 ingelipika kama wateja wa 1993 wangekuwepo. Mwenye nyumba ni mkorofi siku mauzo yameshuka tu.

#37 Kodi_ya_Fremu
Bando, Bergdorf Goodman, duka la kifahari kama Barneys, mbona lipo hadi leo, mitaa michache kutoka pale? Intaneti haikufika Fifth Avenue?

#38 Hesabu Safi
Bergdorf wakati ule ilikuwa chini ya kundi la maduka la Neiman Marcus, na Neiman Marcus nao walikwenda mahakamani Mei 2020. Chagua mfano mwingine.

#39 Kodi_ya_Fremu
Walikwenda, ila mlango wa Bergdorf haukufungwa. Ndicho nilichosema.

#40 Binti Makorora
Na sasa jina ni la nani?

#41 Mwanasheria wa Buza
Novemba 2019 Authentic Brands Group walilinunua kwa kama dola milioni 271. Hao hununua majina na kuyakodisha. Walilikodisha kwa Saks Fifth Avenue, mshindani wa Barneys wa miaka yote. Mali iliyobaki ikauzwa kwa punguzo hadi mafito. Kabla ya hapo walikuwa na maduka 22, wakatangaza kufunga 15, kisha wakafunga yote.

#42 Gikomba Finest
Kwa hivyo jina la duka sasa linalipiwa kodi? Kodi_ya_Fremu, umeona hiyo?

#43 Kodi_ya_Fremu
Nimeiona. Naiongeza kwenye ushahidi.

#44 Mzee wa Suti
Ongezeni na hili: Japani bado wanauza nguo kwa jina la Barneys, kampuni yao ilishajitenga zamani. Duka la New York limekufa, la Yokohama lililozaliwa 1993 pamoja na Madison liliendelea kupiga kazi. Kodi Japani hakuna? Intaneti hawana? Nijibuni hapo.

#45 Bando Limeisha
Wajapani bado wanakwenda dukani mzee.

#46 Hesabu Safi
Na hawakuendeshwa na wajukuu.

#47 Mzee wa Suti
Nikirudi kutoka swala ya isha nataka majibu yenye hesabu, si vijembe.

#48 mchele_sukari
Gikomba, lile koti ukiamua kuliuza nitafute kwanza.